KOLEO LIKIVUNJIKA
Mazungumzo ya redioni kwa wanaomtumikia Bwana wakiwa wamevunjika moyo

 

Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu hasa wale wanaomtumikia Bwana, ambao mioyo yao imechoka. Yumkini wewe ni mwinjilisti. Ulitumwa mahali pa ukame, ukafungua kanisa chini ya mgunga, na baada ya miaka minne waumini wako ni kumi na mmoja, na watano kati yao ni watu wa nyumbani mwako. Yumkini wewe ni mzee wa kanisa. Mlichanga kwa harambee, mkanunua mabati na saruji, kisha fundi akatoweka na fedha, na saruji imeganda ghalani. Yumkini wewe ni kijana uliyefundisha kwaya kwa jasho lako, na nusu ya waimbaji wamevuka barabara kwenda kanisa jingine lenye vyombo vizuri zaidi. Au wewe ni mama uliyemwombea jirani yako miaka mingi, ukamwalika ibadani, na sasa hata salamu yako haitikii.

Watu wakikutana nawe huuliza, "Kanisa laendeleaje?" Nawe hujibu, "Twamshukuru Mungu." Ni wachache wanaouliza habari ya moyo wako.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo ni chombo cha mhunzi cha kushikia chuma chenye moto. Likivunjika, mhunzi hawezi kukishika chuma kile kwa mkono wake. Kazi yasimama kweli, na hasara ni hasara. Mithali haikatai jambo hilo. Yasema tu kwamba uhunzi haukuwa ndani ya koleo. Basi leo tutazame mambo mawili: kwa nini mtumishi wa Mungu huvunjika moyo, na afanye nini siku hiyo ikimfikia.

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini uchungu wa mtumishi ni wa namna yake. Mfanyabiashara akipata hasara husema, "Biashara ilikuwa mbaya mwaka huu." Mkulima mvua ikikosa husema, "Mvua haikunyesha." Wanaumia, lakini wanajua mahali pa kuweka lawama. Mtumishi wa Mungu yeye huulizwa swali jingine na moyo wake mwenyewe usiku: "Je, ni kweli Mungu aliniita? Kama aliniita, mbona ameniacha?" Kanisa lisipokua hahesabu upungufu wa watu peke yake. Aona kama wito wake wote umepimwa kwenye mizani ukaonekana kuwa mwepesi. Ndiyo maana maneno ya kumchangamsha hayamfikii. Ukimwambia, "Jipe moyo, mambo yatakuwa mazuri," umejibu swali ambalo hakuuliza.

Maandiko Matakatifu hayalifichi jambo hili. Katika 1 Wafalme sura ya 19 twamwona Eliya, ambaye muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa ameshinda juu ya mlima Karmeli, sasa ameketi chini ya mti jangwani akiomba afe. Katika Yeremia sura ya 20 nabii ailaani siku aliyozaliwa, katika sura ile ile anayokiri kwamba hawezi kulizuia neno la Mungu lisiwake ndani yake. Yohana Mbatizaji, aliyemwonyesha Kristo kwa kidole mbele ya watu, yuko gerezani katika Mathayo 11, naye atuma wanafunzi wake wamwulize Yesu kama kweli ndiye yule ajaye. Hawa si watu wa imani haba. Ndugu, ukiliuliza swali lile usiku wa manane, ujue kwamba umeketi pamoja na manabii.

Sasa hebu tutazame mfano ulio karibu na nyumbani, kwa kuwa sisi Waanglikana wa Kenya tumezaliwa katika mfano huo.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, naye akatumwa na chama cha C.M.S. kwenda Ethiopia mwaka 1837. Shauku yake kubwa ilikuwa kuwapelekea Waoromo Injili. Alikaa Shoa mpaka mwaka 1842, akaondoka, na njia ya kurudi ikafungwa. Hapo ndipo alipoazimia kuwafikia kwa kupitia upande wa bahari. Angalieni basi: mtu huyu alikuja pwani yetu kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefungwa usoni pake.

Alifika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844, Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na mwezi wa Mei akafanya makao yake Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa za pwani zikawashika. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Alizika familia yake yote bara, upande wa pili wa maji, mahali ambapo leo twapaita Nyali. Alikuwa amekaa Mombasa miezi miwili tu.

Aliwaandikia wakuu wake Uingereza kwamba kaburi lile walihesabu kuwa ni alama ya kazi iliyoanza. Wengi wetu tumesikia habari ya barua hiyo ikihubiriwa, na yafaa ihubiriwe. Lakini tusikimbilie barua tukalipita kaburi. Mtu aliyeiandika alikuwa na miaka 34, hana mke wala mtoto, hana mwenzake wa kazi, na mwili wake watetemeka kwa homa.

Mwaka 1846 alikuja Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakapanda kwenda kuanza kazi Rabai, wote wawili wakiwa na homa. Wakahubiri. Watu wakawasikiliza kwa adabu, wakarudi mashambani kwao. Mtu wa kwanza kuamini pale Rabai alikuwa Mringe, mlemavu wa viungo. Alibatizwa akiwa karibu na kufa, kisha akafa.

Rebmann alisafiri bara, na mwezi wa Mei 1848 akauona mlima Kilimanjaro una theluji kileleni. Alipoandika habari hiyo, wako wataalamu Uingereza waliomcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa Ikweta. Mwaka uliofuata Krapf aliuona mlima Kenya akiwa Kitui, naye hakuaminiwa. Ikapita miaka zaidi ya kumi kabla ya wasafiri wengine kuthibitisha kwamba Rebmann alisema kweli juu ya Kilimanjaro.

Mwaka 1851 walikuja wasaidizi wapya kutoka Ulaya. Mmoja alikufa kwa homa baada ya muda mfupi, na wengine hawakudumu. Mwaka huo huo Krapf alikwenda Ukambani akitumaini kufungua kituo. Mwenyeji wake, mfanyabiashara mkuu Kivoi, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na Krapf akaponea chupuchupu, akitangatanga porini peke yake kwa njaa na kiu, akichukua maji ndani ya mitutu ya bunduki yake. Mwaka 1853 afya yake ilivunjika akarudi Ujerumani. Alikuwa na mpango wa kupanda vituo vya misioni kama mnyororo kuanzia Mombasa mpaka bahari ya Magharibi ya Afrika. Mnyororo huo haukufungwa hata pete tatu. Na Waoromo, ambao kwa ajili yao alikuja, hakuanzisha kanisa kati yao.

Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mkewe alifariki mwaka 1866. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta Rabai akiwa karibu kipofu, na Wakristo waliokuwa naye ni wachache mno. Mwaka 1875 Rebmann aliondoka pwani, haoni tena, akiongozwa na kijana aitwaye Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wale wa kwanza. Alikwenda kukaa Korntal, karibu na rafiki yake Krapf, akafariki mwaka 1876. Krapf alifuata mwaka 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Kama wangeleta taarifa ya miaka 30 mbele ya sinodi yetu, tungesema nini? Nadhani pangekuwa na mtu wa kusimama na kuuliza kama kituo kile hakifai kufungwa.

Sasa, msikilizaji, wajua yaliyofuata. Miaka ile ile Rebmann alipokuwa anaondoka, C.M.S. walifungua Frere Town karibu na Mombasa, makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwaweka mikono William Jones na Ishmael Semler, Waafrika wawili waliokuwa watumwa utotoni, wakakombolewa na kulelewa na Wakristo huko India. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Hannington mwenyewe aliuawa Busoga, na Jones, ambaye alikuwa amepata ushemasi miezi mitano tu, ndiye aliyewaongoza watu wa msafara waliosalia kurudi Rabai. Kanisa halikufa. Leo kuna dayosisi za Kianglikana toka pwani hadi ziwani.

Lakini hapa yatupasa kuwa waangalifu sana, maana ni rahisi kulikosea funzo. Wahubiri wengi husema, "Mwaona? Mwishowe matunda yalipatikana. Basi nawe vumilia, matunda yako yanakuja." Maneno hayo ni matamu, lakini yana kasoro. Kwanza, Mungu hakuahidi kwamba kila mtumishi ataona kanisa lake limejaa. Rebmann hakuona. Pili, tukisema kazi ya Rebmann ilikuwa na maana kwa sababu baadaye makanisa yalikuwa mengi, bado twapima kwa mizani ile ile iliyotuvunja moyo. Tumeongeza miaka tu. Je, kama makanisa yale yasingalikuwako, Rebmann angalikuwa amepoteza maisha yake?

Hebu mfikirieni Mringe. Alikuwa mlemavu, akaamini, akabatizwa, akafa. Hakuhubiri kwa umati wala hakujenga kanisa. Katika hesabu za taarifa, alikuwa mmoja, kisha hakuwako. Lakini siku ile alipozama katika kifo alikuwa na jina la Kristo juu yake. Kama Krapf alimzika mkewe na mtoto, akaugua, akachekwa, na zawadi ya yote ikawa Mringe peke yake, je, Mchungaji Mwema aliyewaacha wale tisini na kenda angesema kwamba safari ile ilikuwa ya bure?

Katika Luka sura ya 10, wale sabini walirudi wakifurahi kwa sababu kazi imefanikiwa, hata pepo wamewatii. Bwana hakuwakemea kwa kufanikiwa, lakini aliihamisha furaha yao. Aliwaambia wasifurahie hilo, bali wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Aliwaambia hivyo siku waliyoshinda, ili siku watakaposhindwa furaha yao iwe bado iko mahali pake. Mtumishi akiiweka furaha yake juu ya idadi ya watu, idadi ikishuka furaha nayo yashuka. Akiiweka juu ya jina lake kuandikwa, hakuna fundi awezaye kuitorosha, wala kwaya haiwezi kuvuka nayo barabara.

Hilo ndilo jibu la swali lile la usiku. Mungu hakukuita kwa sababu alihitaji matunda yako. Alikuita kwa sababu alikupenda, kisha akakupa kazi. Kazi yaweza kuvunjika. Wito haukuwa ndani ya koleo.

Baada ya kusema hayo, yafaa tushuke kwenye mambo ya kila siku. Mtu aliyevunjika moyo afanye nini? Nitataja mambo matano.

La kwanza, autunze mwili wake. Mungu alipomjia Eliya chini ya mti ule, hakuanza kwa mahubiri. Alimwacha alale. Kisha malaika akamwamsha, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo ya mlimani Horebu yalikuja baadaye. Wako watumishi wanaodhani wamepoteza imani, kumbe wamekosa usingizi wiki tatu na wanakula mara moja kwa siku. Ndugu, usiandike barua ya kujiuzulu usiku, wala siku ya Jumatatu baada ya Jumapili mbaya. Kula, lala, kisha ufikiri.

La pili, amwambie Mungu ukweli. Yeremia alimlalamikia Mungu kwa maneno ambayo sisi tungeogopa kuyasema katika mkutano wa maombi. Lakini tazameni: alimlalamikia Mungu, na hakuacha kusema naye. Hatari ya moyo uliovunjika haiko katika kulia. Iko katika kunyamaza mbele za Mungu huku tukisema sana na watu. Mtumishi ambaye anasoma sala zote za kitabu kwa sauti nzuri, na chumbani hana neno hata moja la kwake, huyo ndiye tuliye na haja ya kumwombea.

La tatu, atafute chanzo kwa haki. Si kila pigo ni vita vya shetani, wala si kila pigo ni mapenzi ya Mungu. Mara nyingine mlango umefungwa na Bwana, kama Paulo alivyozuiwa kuingia Asia na Bithinia katika Matendo 16. Mara nyingine watu wamekosa uaminifu. Na mara nyingine ni jambo la kawaida kabisa: fundi alilipwa fedha zote kabla ya kazi, pasipo mkataba wala risiti. Kwa jambo kama hilo usifunge na kuomba siku arobaini. Omba, kisha ununue kitabu cha hesabu.

Fikirini habari ya homa zilizomwua Rosine na kuwasumbua wenzake. Siku zile hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilianza kuthibitishwa mwaka 1897, Ronald Ross alipowaona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India. Wamisionari wale walikuwa na imani kubwa na hawakuwa na maarifa hayo, na makaburi ni shahidi. Leo tunajua. Mwinjilisti anayelala bila chandarua, kisha akasema adui anaishambulia huduma yake, amwonee huruma mkewe na watoto wake. Kutafuta chanzo si kukosa imani. Huenda Mungu akajibu maombi yako kwa kukuonyesha tundu lililo kwenye chandarua.

La nne, asikae peke yake. Eliya alidhani amebaki peke yake, na Bwana akamwambia kwamba amejisazia watu elfu saba katika Israeli. Kisha akampa Elisha awe mwenzake wa njiani. Mtume Paulo, katika 2 Timotheo sura ya 4, yuko kifungoni, na kesi yake ya kwanza hakuna aliyesimama pamoja naye. Dema amemwacha. Luka peke yake yuko naye. Paulo afanya nini? Amwandikia Timotheo aje kabla ya majira ya baridi, amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu vyake. Tena amwambia amlete Marko, kwa kuwa amfaa kwa huduma.

Marko huyu ni yupi? Ni yule aliyewaacha Paulo na Barnaba njiani katika safari ya kwanza, hata Paulo akakataa katakata kumchukua tena, na kwa sababu hiyo Paulo na Barnaba wakatengana. Kisa hicho kiko katika Matendo 15. Miaka imepita, na yule aliyekuwa sababu ya uchungu ndiye anayetamaniwa sasa. Ndugu, usilifute jina la mtu aliyekuvunja moyo mwaka huu. Hujui utamhitaji nani kabla ya majira ya baridi.

Na hapa nina neno kwa ninyi mlioketi vitini, ambao si wahubiri. Mchungaji wenu naye ni kondoo. Mwinjilisti wenu ana watoto wanaohitaji karo. Mnapomtembelea msiende na malalamiko tu. Pelekeni joho, yaani pelekeni unga, pelekeni sukari, ketini kidogo, na mmoja wenu amwulize, "Na wewe mwenyewe, Bwana Mchungaji, u hali gani?" Kisha mnyamaze, mngoje jibu. Ninyi wazee na wakuu wa kanisa, kuna watumishi katika vituo vya mbali ambao barua pekee wanazopata kutoka ofisini ni za kudai michango. Waandikieni nyingine.

La tano, ashike kazi ndogo iliyo mkononi. Krapf alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo mwezi mmoja kabla ya msiba. Baada ya msiba aliiendeleza. Hakuwa na kanisa wala mke, lakini alikuwa na neno moja la Kiswahili la kutafuta leo, na jingine kesho. Neno kwa neno alikusanya kamusi kubwa ya Kiswahili, ambayo ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Huenda huwezi kuujaza ukumbi wa kanisa. Waweza kumtembelea mgonjwa mmoja Alhamisi. Waweza kumfundisha mtoto mmoja Katekisimo. Mkulima wa mfano ule katika Marko sura ya 4 hupanda, akalala, akaamka, na mbegu yamea asivyojua yeye. Kazi yake ni kupanda. Kumea si kazi yake.

Mtu ataniuliza, "Je, kama siwezi tena? Kama kweli nguvu zimekwisha, ni dhambi kuondoka?" Swali hili ni zito, nami sitaki kulijibu kwa haraka. Wako watu ambao kuondoka kwao kungekuwa kukimbia, nao wanajua hivyo mioyoni mwao. Hao wakae, kama Rebmann. Lakini wako ambao mwili au nyumba yao imefika mwisho, na kubaki ni kiburi tu kilichovaa kanzu. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya ugonjwa, naye hakuiacha kazi ya Bwana. Aliibeba mezani kwake Korntal mpaka mwisho. Mmoja alibaki na mmoja aliondoka, na mwisho wao wakawa majirani, wazee wawili, mmoja kipofu, wakimwomba Mungu kwa ajili ya Rabai. Sioni mahali ambapo Bwana amempenda mmoja kuliko mwenzake. Basi usiamue jambo hili peke yako. Mwendee askofu wako, au mzee mwenye hekima, mwambie yote, kisha msikilize.

Ukipata nafasi ya kwenda Mombasa, vuka ufike Nyali, mahali penye mnara wa ukumbusho wa Krapf, karibu na kaburi la Rosine. Kisha panda mpaka Rabai, mahali kanisa la zamani linapotunzwa kama makumbusho. Simama kidogo kimya. Usihesabu makanisa yote yaliyotokea baadaye. Mkumbuke Mringe. Kisha urudi nyumbani kwako, ufungue mlango wa kanisa lile lenye watu kumi na mmoja, upige kengele kama kawaida.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyeachwa na rafiki zako usiku ule wa bustani, wawajua watumishi wako waliochoka. Wape usingizi usiku huu, na chakula kesho. Wafungue vinywa wakuambie uchungu wao. Waonyeshe makosa yanayoweza kutengenezwa, na uwape amani juu ya yale yasiyotengenezeka. Mlete Timotheo kwa kila Paulo aliye peke yake, kabla ya majira ya baridi. Na majina yetu, uliyoyaandika kwa neema tu, yawe furaha yetu siku ya mavuno na siku ya njaa. Twaomba haya kwa jina lako takatifu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena katika mazungumzo haya, nawaaga nyote. Bwana awe nanyi.